Kutolewa Wengu kwa Uchunguzi au kwa Tiba: Mwongozo Kamili wa Mgonjwa na Ndugu Zake

Upasuaji wa kutoa wengu, au bandama kama wengine wanavyouita, huchukua saa chache tu. Mambo mengi yanayokwenda kombo huwa ni ya kabla yake au baada yake. Chanjo hukumbukwa mgonjwa akiwa ameshatoka chumba cha upasuaji. Wengu uliotolewa ili kutafuta ugonjwa hutumbukizwa mzima kwenye ndoo ya fomalini (dawa ya kuhifadhi nyama), na jibu lililokuwa likitafutwa linaharibikia humo. Kisha miaka inapita, mtu anapata homa usiku, anameza dawa ya maumivu na kungoja kupambazuke.

Mwongozo huu unafuata mpangilio wa mambo yanavyotokea. Ukikuta hatua uliyoruka, irudie hata kama umeshafika mbele. Karibu zote zinaweza kufanywa kwa kuchelewa, na kuchelewa ni afadhali kuliko kuacha.

## Vitu vya kuwa navyo

- Majibu ya picha kamili ya damu, mapya na ya zamani. Mwenendo wa chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda) kwa miezi kadhaa unamweleza daktari mengi kuliko namba moja ya leo.
- Ripoti ya ultrasaundi au CT skani inayotaja urefu wa wengu kwa sentimita. Wengu wa mtu mzima kwa kawaida ni kama sentimita 11 na uzito wa gramu 150 hivi. Ripoti inayosema "wengu umevimba kiasi" haimsaidii daktari mpasuaji.
- Kadi ya chanjo. Kama imepotea, chukueni kadi mpya na muanze upya kuandika.
- Orodha ya dawa zote, hasa aspirini, dawa za kuzuia damu kuganda, steroidi na ritukisimabu.
- Kundi la damu na damu ya akiba iliyokwisha kulinganishwa na ya mgonjwa.
- Kipimajoto cha nyumbani kinachofanya kazi. Kijaribuni leo.
- Ndugu mmoja atakayesoma mwongozo huu wote. Mgonjwa mwenye homa kali hawezi kujisimamia.

## Hatua ya 1: Jua wengu unatolewa kwa kazi gani

Muulize daktari swali moja: "Tukiutoa, tunategemea nini kibadilike?" Jibu litaangukia kwenye tiba, uchunguzi, au vyote viwili.

Kwa tiba, wengu hutolewa kwa sababu unaharibu damu kupita kiasi, au wenyewe umeharibika. Kuna ugonjwa uitwao ITP, ambao kingamwili za mtu hunata kwenye chembe sahani zake, na wengu unazimeza. Wengu ukitolewa, takriban wagonjwa wawili kati ya watatu hupata nafuu ya kudumu. Hata hivyo, kwa ugonjwa huo madaktari wengi hupendelea kusubiri angalau mwaka 1 tangu ugundulike, kwa kuwa wapo wanaopona wenyewe na wapo wanaotulizwa kwa dawa.

Kwenye sferositosisi ya kurithi, seli nyekundu ni za duara na hazipindiki. Zinakwama kwenye vijia vyembamba vya wengu na kuvunjwa. Baada ya upasuaji seli zinabaki na umbo lilelile, ila hazivunjwi tena kwa kasi ile, na upungufu wa damu unapungua sana au kuisha. Thalasemia yenye wengu mkubwa, selimundu kwa mtoto ambaye wengu wake hukusanya damu ghafla mara kwa mara, jipu, na jeraha linalovuja damu ni sababu nyingine.

Kwa uchunguzi, sababu huwa ni wengu uliokua bila maelezo, uvimbe ndani ya wengu, au shaka ya limfoma (saratani ya tezi) wakati hakuna tezi nyingine inayofikika kirahisi. Hapa kipande kinachokwenda maabara ndicho kiini cha upasuaji wote. Limfoma iliyoanzia kwenye wengu wenyewe inaweza kugundulika na kupata sehemu ya tiba yake siku hiyohiyo.

Aliyepasuka wengu kwa ajali na presha yake inashuka hana muda wa haya. Anapasuliwa kwanza, na ndugu zake waanzie hatua ya 7, kisha warudi hatua ya 3. Ila ajali nyingi za wengu kwa mgonjwa aliye imara huangaliwa wodini bila kupasuliwa, au mshipa unaovuja huzibwa kwa mrija kupitia mishipa. Msishangae mkiambiwa "tusubiri".

Umefaulu kama unaweza kumweleza jirani kwa sentensi moja kwa nini wengu wako unatolewa.

## Hatua ya 2: Maliza vipimo vidogo kwanza

Mara nyingi wengu huvimba kwa sababu ya ugonjwa wa mahali pengine mwilini. Kuutoa ili kujua kilichousibu ni hatua ya mwisho, na upasuaji wa namna hii ukifanywa haraka haraka mgonjwa hupoteza kiungo kwa ugonjwa ambao ungeonekana kwa tone la damu.

Kabla ya kusaini, hakikisha haya yameangaliwa: damu iliyotazamwa kwa darubini na mtaalamu (namba za mashine peke yake hazitoshi), malaria, VVU, homa ya ini B na C, kifua kikuu, hali ya ini, na mtiririko wa damu kwenye mshipa mkubwa unaoingia kwenye ini. Kwa aliyeishi au kupita kwenye maeneo ya kichocho au kala-azar (ugonjwa wa vimelea unaoenezwa na usubi), hayo nayo yapimwe. Kisha uboho, na kipimo cha flosaitometri kinachotambua aina za seli. Kama kuna tezi iliyovimba shingoni au kwapani, ichukuliwe hiyo kwanza. Mahali penye mtaalamu mzoefu wa picha, kipande kidogo cha wengu kinaweza kuchukuliwa kwa sindano chini ya ultrasaundi. Hatari yake ni kuvuja damu, lakini humwokoa mgonjwa na upasuaji mzima.

Tahadhari tatu zinazosahaulika:

Wengu mkubwa sana uliosababishwa na mwili kupigana na malaria kwa miaka hunywea kwa dawa za malaria zinazotumiwa kwa muda mrefu. Kuutoa ni kumwacha mtu anayeumwa malaria kila mara bila kinga aliyoihitaji kuliko watu wengine.

Wengu uliovimba kwa sababu ini limekakamaa ni mhanga tu. Ukiutoa, ini linabaki vilevile, na damu inaweza kuganda kwenye mshipa unaoliingia.

Ugonjwa wa kurithi wa Gaucher hujaza wengu mafuta, na una tiba ya kimeng'enya. Uulizie, hasa kwa mtoto au kijana ambaye mifupa inamuuma.

Umefaulu kama daktari anaweza kukutajia magonjwa yaliyokwisha kuondolewa kwenye orodha, na mawili matatu yaliyobaki.

## Hatua ya 3: Chanjo, angalau wiki 2 kabla

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ningekuwa na uwezo ningeibandika kwenye mlango wa kila chumba cha upasuaji.

Kuna bakteria waliojivika ganda la sukari ambalo seli nyeupe hazilishiki kirahisi. Watatu ndio wabaya zaidi: *Streptococcus pneumoniae*, anayeleta nimonia na sumu ya damu, *Neisseria meningitidis*, wa homa ya uti wa mgongo, na *Haemophilus influenzae* aina b. Wengu ndio chujio lao kuu, na ndani yake mna seli zinazotengeneza haraka kingamwili dhidi yao. Chanjo ikitolewa wengu ukiwepo, mwili unajifunza vizuri zaidi.

Zinazohitajika:

1. Ya nimonia ya mchanganyiko (PCV). Hii hutangulia. Kutegemea aina uliyopewa, huenda ukahitaji pia PPSV23, chanjo nyingine ya nimonia, ambayo hufuata angalau wiki 8 baadaye na kurudiwa baada ya miaka 5.
2. Ya uti wa mgongo ya makundi A, C, W na Y, pamoja na ile ya kundi B pale inapopatikana. Kinga ya ACWY huongezwa kila miaka 5.
3. Hib, yaani ya *Haemophilus influenzae* aina b, kwa asiyewahi kuipata au asiye na uhakika.
4. Ya mafua ya influenza, kila mwaka. Kirusi cha mafua hulegeza mapafu, na bakteria wa nimonia hupitia hapohapo.

Upasuaji wa dharura hauruhusu kusubiri. Katika hali hiyo chanjo huanza siku ya 14 baada ya upasuaji. Ila kama mgonjwa anaishi mbali na hamna uhakika atarudi, mwambieni daktari amchanje kabla hajaruhusiwa. Kinga pungufu ni afadhali kuliko miadi isiyotimizwa.

Tahadhari: ritukisimabu huzima seli zinazotengeneza kingamwili. Kama dawa hiyo imo kwenye mpango, chanjo zitangulie. Kama ilitolewa ndani ya miezi 6 iliyopita, chanjo itashika kidogo, na itabidi mpange kuirudia.

Umefaulu kama kadi ina jina la kila chanjo, tarehe yake, na tarehe ya inayofuata. Neno "amechanjwa" peke yake halimsaidii muuguzi atakayeisoma miaka 4 ijayo.

## Hatua ya 4: Wiki ya mwisho

Chembe sahani zikiwa chini, daktari hujaribu kuzipandisha hadi elfu 50 au zaidi kwa kila mikrolita, kwa steroidi au imunoglobulini (kingamwili) ya kwenye mshipa. Msihangaike mkiona chembe sahani za kuongezewa zipo tayari lakini hazitundikwi asubuhi. Mara nyingi daktari husubiri mpaka ateri ya wengu ifungwe, kwa sababu akiziweka mapema wengu utazimeza pia.

Mwenye ugonjwa wa kuvunjika seli nyekundu apimwe kifuko cha nyongo kwa ultrasaundi. Mawe hujaa humo, na kifuko kinaweza kutolewa kwenye upasuaji huohuo.

Kwa mtoto, ulizeni kama inawezekana kusubiri hadi apite miaka 5 au 6, au kutoa sehemu tu ya wengu. Hatari ya maambukizi makali ni kubwa zaidi kwa watoto wadogo.

Steroidi usiache ghafla. Dawa za kuzuia damu kuganda acha kwa maelekezo tu. Chakula kigumu husimamishwa angalau saa 6 kabla ya dawa ya usingizi, maji matupu saa 2, isipokuwa ukiambiwa tofauti.

## Hatua ya 5: Panga njia ya kipande kabla hakijakatwa

Kama wengu unatolewa kwa uchunguzi, soma hapa mara mbili. Ndugu wengi hudhani sehemu hii haiwahusu.

Wengu umejaa damu na vimeng'enya. Ukishakatwa mishipa yake unaanza kuoza kutoka ndani. Fomalini hupenya nyama polepole sana, kama milimita 1 kwa saa mwanzoni, kisha inazidi kusuasua. Wengu mzima ukitumbukizwa kwenye ndoo jioni, asubuhi ganda la nje litakuwa limehifadhika vizuri na katikati kumegeuka uji wa kahawia. Mtaalamu wa patholojia hawezi kusoma seli kwenye uji.

Kinachotakiwa ni hiki. Wengu ufike maabara ukiwa mbichi, mara tu baada ya kutolewa. Huko unakatwa vipande vyembamba, na kila kipande kinapewa njia yake:

- kipande kibichi kisichoguswa na fomalini kwa ajili ya flosaitometri na vipimo vya vinasaba;
- kipande kwenye chombo kisafi, nacho bila fomalini, kwa ajili ya kuotesha bakteria, fangasi na vimelea vya kifua kikuu, maana fomalini huwaua na kipimo kitasema hakuna kitu;
- vipande vyembamba kwenye fomalini nyingi kwa ajili ya darubini;
- tezi za mlangoni mwa wengu, na pengine kipande kidogo cha ini, kwa kuwa ugonjwa mwingine husomeka huko vizuri zaidi.

Kwenye upasuaji wa matundu madogo, wengu huingizwa kwenye mfuko tumboni, ukapondwa na kutolewa kidogo kidogo. Kwa tiba, hilo halina shida. Kwa uchunguzi, mpasuaji aambiwe mapema ili atoe vipande vikubwa, hata kama atalazimika kurefusha tundu moja.

Ndugu wanaweza kuuliza maswali mawili bila kumkosea daktari heshima: "Nani atapokea kipande maabara?" na "Fomu itaandikwa historia yote ya mgonjwa?" Fomu yenye maneno "wengu mkubwa" tu huzaa ripoti fupi vilevile. Upasuaji wa uchunguzi uliopangwa Ijumaa jioni nao unastahili kuulizwa, kwani maabara nyingi hulala mwisho wa wiki.

Umefaulu kama maabara inajua siku na saa kabla ya mgonjwa kulala mezani. Majibu kamili yanaweza kuchukua siku kadhaa hadi wiki chache.

## Hatua ya 6: Siku ya upasuaji

Mgonjwa hulazwa kwa ubavu wa kulia, usingizi kamili, na matundu 3 au 4 hutobolewa upande wa kushoto. Wengu mkubwa sana, au wenye damu inayomwagika, hutolewa kwa kupasua tumbo. Kuanza kwa matundu na kumalizia kwa kupasua ni uamuzi wa usalama, kwa hiyo saini ridhaa ya vyote viwili.

Kitu kimoja cha kumkumbusha mpasuaji ni vijiwengu vya ziada. Mtu 1 kati ya 10, na pengine zaidi, ana kijiwengu kidogo cha duara karibu na wengu au mkia wa kongosho. Kikiachwa kwa mgonjwa wa chembe sahani kinaweza kukua na kuirudisha kazi ileile, na ugonjwa nao unarudi.

## Hatua ya 7: Siku za wodini

Amka ukae, tembea, vuta pumzi ndefu na ukohoe huku umeshikilia mto tumboni. Sehemu ya chini ya pafu la kushoto ilikuwa jirani na wengu na hupenda kusinyaa, halafu nimonia inaingia. Dawa ya maumivu idai, maana anayeumwa hapumui vizuri.

Waliopasuliwa kwa matundu huruhusiwa baada ya siku 1 hadi 3, na waliopasuliwa tumbo hukaa hadi wiki moja hivi. Kazi nyepesi huanza baada ya wiki 2 kwa wa matundu, na wiki 4 hadi 6 kwa wengine.

Mwite muuguzi ukiona mapigo ya moyo kwenda mbio pamoja na kizunguzungu (damu inaweza kuwa inavuja), maumivu ya bega la kushoto yanayozidi, homa, au majimaji mengi kwenye mrija wa tumboni, kama umewekewa. Mkia wa kongosho umegusana na wengu na unaweza kujeruhiwa, na majimaji hayo yakipimwa amilesi (kimeng'enya cha kongosho) jibu linapatikana.

Chembe sahani hupanda sana katika wiki 1 hadi 3. Kwa aliyetibiwa upungufu wake, hiyo ndiyo dalili nzuri. Zikizidi milioni 1, daktari huweza kuongeza aspirini. Tahadhari: maumivu ya tumbo na homa isiyoeleweka wiki chache baada ya kwenda nyumbani yanaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa unaoingia kwenye ini. Omba ultrasaundi ya mtiririko wa damu siku hiyohiyo.

## Hatua ya 8: Homa ni dharura, maisha yote

Mtu asiye na wengu anaweza kuanza na mafua madogo mchana, akatetemeka jioni, na usiku presha ikaporomoka. Sumu ya damu ya namna hii haitokei mara kwa mara, lakini ikitokea inaua hadi nusu ya inaowapata, wengi ndani ya siku 1 au 2. Hatari ni kubwa zaidi miaka 2 hadi 3 ya kwanza, ila haiishi.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Joto likifika 38 au ukitetemeka kwa baridi, meza dozi ya kwanza ya antibaiotiki ya akiba uliyoandikiwa. Mara nyingi huwa amoksisilini iliyochanganywa na asidi ya klavulaniki, na wenye mzio wa penisilini huandikiwa nyingine.
2. Ondoka kwenda hospitali muda huohuo, usiku au mchana. Vidonge vinakununulia muda wa kufika tu.
3. Ukifika, sentensi ya kwanza iwe: "Sina wengu, na nina homa." Usianze na kichwa kinauma. Kinachotakiwa ni damu ichukuliwe ya kuotesha na antibaiotiki ya kwenye mshipa, kama seftriaksoni, itundikwe bila kungoja majibu.
4. Pima malaria kama eneo lina malaria, lakini kipimo chenye malaria kisiwe sababu ya kunyimwa antibaiotiki. Vyote viwili vinaweza kuwepo.

Penisilini ya kila siku hupewa watoto angalau hadi miaka 5, na wengi huendelea nayo zaidi. Watu wazima mara nyingi huipata kwa mwaka 1 hadi 3, na aliyewahi kupata sumu ya damu huitumia maisha yote. Usiiache kwa sababu unajisikia mzima. Kujisikia mzima ndiko kulikotarajiwa.

Vaa bangili au beba kadi yenye maneno "HANA WENGU".

## Hatua ya 9: Ratiba ya miaka inayofuata

Mbwa akikung'ata au kukukwaruza, hata kidogo, nenda hospitali siku hiyo ukaanze antibaiotiki. Mate ya mbwa hubeba *Capnocytophaga canimorsus*, ambaye kwa mtu asiye na wengu anaweza kuua. Kidonda kioshwe vizuri, na chanjo ya kichaa cha mbwa iulizwe papo hapo.

Ukiishi au kusafiri penye malaria, lala kwenye chandarua na ongea na daktari kuhusu dawa ya kinga. Malaria kwa asiye na wengu hupanda haraka. Kupe nao waepukwe.

Ugonjwa ukirudi baada ya nafuu ndefu, omba damu itazamwe kwa darubini. Seli nyekundu za mtu asiye na wengu hubaki na vidoa vidogo vinavyoitwa Howell-Jolly. Vikikosekana, kuna uwezekano kijiwengu kilibaki, na skani itakitafuta.

## Kama wengu ulitolewa zamani na hukuchanjwa

Wapo wengi, hasa waliopata ajali utotoni na kubaki na kovu tu bila karatasi. Chanjo hufanya kazi hata baada ya miaka 20. Nenda kliniki, onyesha kovu, sema wengu wako ulitolewa. Kama huna hakika, ultrasaundi ya dakika chache itaonyesha kama upo. Anza na PCV, Hib na ACWY. Zinaweza kutolewa siku moja kwenye mikono tofauti, na aina moja tu ya ACWY hutakiwa kungoja hadi PCV imalizike, hivyo mwonyeshe muuguzi majina yaliyo kwenye chupa. Omba antibaiotiki ya akiba siku hiyohiyo, na andika kwenye kadi tarehe ya kurudi.